Mwaka Tuliotafuta Pawa Saplai

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Lubango kule Usagara, na msoma wasifu, kijana mwenye sauti nzuri na suti iliyomkaa sawasawa, akasema kwenye kipaza sauti kwamba marehemu, alipokuwa mwenyekiti wa kwaya yetu, kwa hekima yake kubwa aliichagulia kwaya kompyuta na vifaa vyake vyote hadi kaseti yetu ya kwanza ikatoka. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki safu ya tatu, rozari mkononi, na Mungu anisamehe, nilikaribia kusimama na kupinga palepale mbele ya jeneza. Hekima! Mwaka ule nilikuwa katibu wa kwaya. Mihtasari ya vikao vyote niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, na najua ni vikao vingapi tulikaa kuchagua kisanduku kimoja cha chuma kisichozidi ukubwa wa tofali. Mzee Lubango nilimpenda, namwombea kila siku, na namshukuru Mungu kwa kunipitisha mikononi mwake. Lakini kama kuna mtu aliyenifundisha uvumilivu kwa kunimalizia wote niliokuwa nao, ni yeye. Nikiwa nimekaa pale, mwaka wote ukanirudia, na zaidi ya wote akanirudia Perpetua.

Perpetua alikuwa fundi cherehani pale Mkuyuni, kwenye baraza la duka la vitambaa, na ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Wasomaji ambao hawakumsikia sijui niwaelezeje. Alipopanda juu hakukaza uso wala kunyanyua kidevu kama waimbaji wengine wa sauti ya kwanza. Alikuwa kama mtu anayesema jambo la kawaida, isipokuwa jambo lenyewe lilikuwa huko juu. Mimi niliimba sauti ya pili, nyuma yake, na kwa miaka sita nilimjua zaidi kwa kisogo. Mwaka ule alianza kuvaa kitambaa shingoni hata siku za joto, kwa sababu ya rovu lililokuwa likikua upande wa kushoto, na sote tulijua kwamba kuna siku hospitali kubwa itamwita likatolewe. Siku yenyewe hatukuijua. Na katika ujinga huo kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi kaseti bila haraka yoyote.

Tulirekodia kwenye chumba cha nyuma ya sakristia. Ukutani tulikuwa tumepigilia blanketi za kijivu na trei za mayai, dirisha tulilifunga kwa godoro, na hewa ikawa ni ubani, jasho na karanga. Perpetua alikuja na bakuli la bati la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, na tulikula kwa zamu huku tukisubiri kompyuta itulie. Kompyuta hiyo aliiunga fundi wetu, Masanja, aliyekuwa akitengeneza redio kabla soko huria halijatujazia mji vitu vya kila namna. Aliiunga kwa vipande kutoka huku na huku, kisha akafanya jambo alilolisoma kwenye gazeti la mafundi: akahamisha vijiti viwili vya plastiki ndani ya bodi, na kile kipande kinachofanya hesabu zote kikaanza kukimbia mara moja na nusu ya mwendo kilichopangiwa kiwandani. Alituonyesha kwa fahari kama baba aliyepata mapacha. Kabla ya hapo, kinanda kikipigwa kutoka kwenye kompyuta na mwimbaji akirekodiwa papo hapo, sauti ilitoka vipande vipande. Baada ya hapo ilitoka safi. Kwa ubeti mmoja. Ukianza ubeti wa pili, mashine ilijizima, ikajiwasha, na kila kitu tulichoimba kikapotea.

"Ni pawa saplai," alisema Masanja, akigonga kwa bisibisi kile kisanduku chenye feni nyuma ya kompyuta. "Hiki ndicho kinachochukua umeme wa ukutani na kuwagawia wengine humu ndani. Huyu ninayemkimbiza sasa hivi anakula sana. Kisanduku hakimtoshelezi."

"Basi mrudishe kwenye mwendo wake," nilisema.

"Dada Yustina, nikimrudisha, kinanda na sauti haviendi pamoja. Unataka tuimbe bila kinanda?"

Hilo halikuwezekana. Padre alitaka kinanda, kamati ilitaka kinanda, na mpiga kinanda alikuwa mkwe wa mweka hazina. Kwa hiyo ilibidi inunuliwe pawa saplai yenye nguvu, na kwenye kwaya yetu hakuna kitu kilichonunuliwa, hata chaki, bila kikao.

Siku ileile, wakati naosha vikombe nje chini ya dirisha, nilisikia Perpetua akiongea na Masanja ndani. Godoro lilikuwa limeshushwa kidogo kwa ajili ya hewa.

"Wameshaniita. Alhamisi ya mwisho kabla ya Majilio," alisema. "Daktari kaniambia kuna mshipa wa sauti unapita hapohapo. Akiugusa, basi."

"Basi nini?"

"Basi nitaongea kwa kunong'ona, kama mtu aliye kanisani siku zote."

"Wewe si uko kanisani siku zote?"

Wakacheka. Niliingia na vikombe vinavyodondosha maji, na Perpetua akanitazama usoni, akajua. Alinishika mkono palepale na kunifanya niahidi, mbele ya msalaba uliokuwa mlangoni, kwamba sitamwambia mtu. "Wakijua watanililia kabla ya wakati," alisema. "Nikililiwa siimbi, Yustina. Nataka kuimba nyimbo zote nane kabla ya siku hiyo, watu wakidhani ni kazi tu." Nikaahidi. Zilikuwa zimebaki wiki saba, na wiki saba niliziona nyingi kwa kununua kisanduku.

Sasa nieleze vikao, na msomaji anivumilie, maana mimi nilivumilia. Mzee Lubango alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane kama mnunuzi wa pamba wa chama cha ushirika, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na chama kikafa mikononi mwake. Kilichobaki kwake ni kofia, baiskeli na utaratibu. Kikao kilifunguliwa kwa sala, kikafuatiwa na kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo, kisha ajenda zenyewe, na mwisho mengineyo. Pawa saplai, kwa kuwa ilikuwa jambo jipya, iliwekwa kwenye mengineyo. Wiki ya kwanza hatukuyafikia mengineyo, kwa sababu rangi ya sare ilikuwa kwenye ajenda. Wiki ya pili hatukuyafikia, kwa sababu rangi ya sare ilikuwa kwenye yatokanayo. Wiki ya tatu mwenyekiti alikuwa na homa. Nilikaa na kalamu yangu nikiandika "bluu ya anga au bluu ya bahari" huku nikihesabu wiki kwa vidole chini ya meza, na Perpetua, aliyekuwa mjumbe, alikaa mbele yangu akitazama dari kwa utulivu ulionitia hasira zaidi.

Wiki ya nne ikafika zamu ya pawa saplai. Masanja aliitwa aeleze. Alisimama na kofia mkononi, akasema vizuri tu kwamba namba zilizoandikwa kwenye kibandiko si za kuaminiwa, kwamba siku hizi kila mtu anachapa kibandiko anachotaka.

"Sasa tutaijuaje nzuri?" aliuliza Mama Domitila, mweka hazina. "Mimi naomba isiyo na kelele. Hii ya sasa feni yake inaimba sauti ya tatu, na inakosea."

"Ni kuifungua na kuangalia, mama. Wauzaji hawapendi kufunguliwa. Lakini kwa kawaida nzuri huwa nzito. Ndani kuna shaba nyingi na mapande ya kupoozea."

Mzee Lubango alivua miwani. Niliona kitu kikiwaka usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona tangu ushirika ufe. "Nzito," alisema. "Katibu, andika hiyo."

"Mzee, nimesema kwa kawaida," Masanja aliongeza.

"Andika, katibu."

Nikaandika. Ndiyo hekima iliyosomwa kule Usagara.

Wiki ya tano kamati nzima ilikwenda mjini, kwenye duka moja la vifaa vya umeme, tukachukua pawa saplai tatu kwa makubaliano kwamba mbili zitarudishwa. Mzee Lubango alitupeleka moja kwa moja sokoni Mkuyuni, kwa muuza sangara mmoja aliyekuwa na mizani ya kuning'iniza, kwa sababu mizani ya dukani hakuiamini. Ilipanguswa damu ya samaki kwa kitenge cha Mama Domitila bila yeye kuulizwa. Kisanduku cha kwanza kikatundikwa kwenye ndoano kwa nyaya zake.

"Shikamoo, mzee," alisema muuza samaki. "Hiki nacho tunakipima na utumbo au bila utumbo?"

"Marahaba. Na utumbo," alijibu Mzee Lubango bila kucheka. "Utumbo wake ndio tunaonunua."

Watu walikusanyika. Mtu mmoja aliuliza kama ni redio, mwingine akasema ni betri ya wazungu. Mzee alisoma kila uzito kwa sauti, akanitaka nirudie, akapima mara ya pili. Ya tatu ilizidi zile mbili kwa mbali, ilikaribia kilo mbili, na kibandiko chake kilikuwa na namba kubwa kuliko zote. Masanja aliitikisa karibu na sikio, akakunja uso, akasema tungeifungua kwanza. Mzee akamwambia kwamba mwenye duka amesema ikifunguliwa hairudishwi, na kwamba yeye amepima pamba ya wilaya nzima. Nilitaka kusema kitu. Lakini wiki mbili zilikuwa zimebaki, na nikasema moyoni, afadhali nzito isiyojulikana kuliko kikao kingine. Hiyo ni dhambi yangu, nimeiungama.

Wiki ya sita ilikwenda kwenye kuidhinisha. Ndiyo, tulikaa kikao kuidhinisha kitu tulichokwisha kukipima.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, sikukuu ya Kristo Mfalme, tulikusanyika baada ya misa ya pili. Masanja aliifunga pawa saplai mpya. Kompyuta iliwaka, Perpetua akasimama mbele ya kipaza sauti, akafungua kitambaa chake shingoni na kukikunja mara nne, na akaanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaanza, na nikamwona Masanja akifumba macho. Katikati ya ubeti wa pili kilisikika kishindo kidogo kama mbegu inayopasuka motoni, kisha harufu, kisha kimya cha feni. Perpetua alimaliza mstari peke yake bila kinanda, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha mstari njiani.

Masanja alikifungua kisanduku juu ya meza ya sakristia. Shaba ilikuwa kidogo, nyembamba, imeungua. Na pembeni, limefungwa kwa skrubu mbili safi, lilikuwapo bonge la saruji.

Mzee Lubango alilichukua lile bonge, akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha. "Miaka kumi na minane nilichoma mafurushi ya pamba kwa nondo," alisema polepole, "natafuta mawe. Watu waliweka mawe, waliweka mchanga, waliweka maji. Nilikuwa nawaambia, mimi hamnidanganyi." Kisha akakohoa, akaweka kofia yake kichwani, na akasema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyasikia bila shingo kukakamaa: "Basi, wajumbe, jambo hili tuliweke kwenye kikao cha Jumapili ijayo."

Nililipuka. Sikuwahi kumpandishia sauti mtu mzima maishani mwangu, nimelelewa kwenye katekisimu na heshima, lakini siku ile nilipiga meza mpaka lile bonge likaruka. "Hakuna Jumapili ijayo, mzee! Alhamisi wanampasua shingo! Daktari kasema sauti inaweza isirudi! Wiki saba ninyi mnachagua bluu, mnapima chuma kwa ndoano ya samaki, na sauti yenyewe hiyo hapo imesimama, siku nne tu imebakiza!"

Mama Domitila alianza kulia papo hapo, kwa sauti, kama Perpetua alivyotabiri. Wengine wakafuata. Perpetua alikifungua kitambaa chake kilichokunjwa, akajifunga shingoni taratibu, akanitazama. "Asante, katibu," alisema, na akatoka. Katibu. Miaka sita hakuwahi kuniita hivyo.

Nilitafakari sana usiku ule na siku nyingi baadaye. Nilisema ukweli, na ukweli ulifanya kazi iliyoshindikana kwa wiki saba; na bado nilivunja ahadi niliyoitoa mbele ya msalaba, mbele ya watu wasiopungua kumi, ili kushinda ugomvi na mzee wa pamba. Padre aliponisikiliza aliniambia nimwombe msamaha Perpetua, si Mungu peke yake. Kwa Mungu nilikwenda haraka. Kwa Perpetua miguu ilikuwa mizito.

Jumatatu, mara baada ya misa ya alfajiri, Mzee Lubango alikuwa mlangoni kwangu na baiskeli. Masanja alisimama nyuma yake akiwa na begi la vifaa. "Chukua daftari, tunakwenda Nyegezi," mzee alisema. Kulikuwa na ofisi moja kule iliyokuwa ikiondoa kompyuta zake za zamani, zimepangwa stoo kama magunia. Mlinzi wa stoo akasema tuchague. Mzee Lubango akavaa miwani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akasema, "Fundi, fungua ya kwanza." Na safari hii hakupima chochote. Aliuliza. Hiki ni kipi? Kinafanya nini? Kwa nini hiki kimevimba? Alikagua kila kisanduku ndani kama alivyokuwa akikagua pamba, akiingiza kidole, akinusa, akivuta nyaya. Alikataa nne. Ya tano ilikuwa na vumbi la miaka, kibandiko chake kikiwa na namba ndogo kuliko hata ile iliyotushinda mwanzoni, lakini waya wa shaba ndani ulikuwa mnene kama uzi wa kiatu. Masanja aliunganisha taa kubwa ya gari kwenye nyaya zake, ile taa ya mbele inayokula umeme mwingi, na kuiwasha.

"Ikiwaka muda mrefu bila kufifia wala kuchemka, ndiyo yetu," alisema.

"Muda gani?" aliuliza mzee.

"Saa moja."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na saa inayotembea. Mzee Lubango akatoa rozari mfukoni. "Katibu, matendo yote kumi na tano," alisema, na akaanza. Tukasali matendo ya furaha mbele ya taa ya gari, katikati ya stoo. Masanja, ambaye kanisani alikuja kwa ajili ya nyaya tu, alikuwa anaitikia nusu nusu.

"Fundi, jibu kwa sauti."

"Mzee, naangalia taa."

"Macho yanaangalia taa. Mdomo una kazi gani?"

Tulipomaliza matendo ya uchungu niligusa kisanduku: vuguvugu. Tulipofika mwisho wa matendo ya utukufu taa ilikuwa kali vilevile, na Masanja alikuwa amezijua sala. Nikauliza, kwa kejeli niliyoshindwa kuizuia, kama tukaite kikao kuidhinisha. Mzee aliweka rozari mfukoni, akainuka kwenye ndoo kwa kushika goti.

"Kikao ndicho hiki," alisema. "Andika."

Perpetua alikuja Jumanne na Jumatano. Alinisalimia kwa mkono, kama unavyomsalimia mgeni wa parokia, na hakusema nami zaidi ya hapo. Nyimbo nane, beti zote. Kompyuta haikujizima hata mara moja. Masanja alikaa chini karibu nayo, kiganja kwenye kisanduku, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Umeme wa mji ulikatika mara mbili, tukasubiri tukila michembe baridi, ukarudi, tukaendelea. Mzee Lubango alikaa mlangoni akizuia watu wasiingie, na Mama Domitila alikatazwa kuingia kabisa mpaka aahidi kutolia. Wimbo wa nane Perpetua aliuimba mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza, alisema, alikuwa anajisikiliza. Mara ya pili nilisahau kuandika chochote.

Alhamisi alipasuliwa. Uvimbe ulitoka salama, namshukuru Mungu na madaktari wale, lakini mshipa uliguswa. Miezi minne alinong'ona. Kaseti ilitoka Kwaresima, ikauzwa, ikapigwa kwenye mabasi na kwenye maduka ya mjini, na nikipita barazani kwake nilimkuta akishona huku duka la jirani likimpiga yeye mwenyewe kwa sauti kubwa, naye hakuinua kichwa. Nilimwomba msamaha siku mojawapo ya hizo. Alitikisa kichwa tu; sikujua kama ni ndiyo au ni nyamaza.

Alirudi kwenye mazoezi baada ya Pasaka. Sauti ilikuwa imerejea, lakini chini, nzito, yenye mchanga, kama si yake. Sote tuligeuka alipoingia, na sauti ya kwanza wakasogea kumwachia nafasi yake ya mbele. Aliwapita. Akaja mpaka safu yetu, akasimama kando yangu, begani kabisa, na mwalimu wa kwaya akajifanya anatafuta ukurasa. Kwa miaka yote ile Perpetua hakuwahi kusoma nota za sauti ya pili. Hakuwa na haja nazo. Akainama juu ya kitabu changu.

"Yustina," alisema kwa ile sauti mpya, "nyie mnaanzia wapi hapa?"

Nikaweka kidole kwenye mstari, nikamwonyesha.